Hija isiyo na salamu: Kasoro ya uandishi wetu kuhusu njia ya Namugongo

Kila inapofika wiki ya mwisho ya Mei, magazeti, redio na runinga zetu hukumbuka kwamba kuna barabara inayotoka Busia kwenda Kampala. Taarifa huwa ni ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. Mahujaji wameondoka, watatembea yapata kilomita 200, askofu amewabariki, mwanasiasa fulani amewapa maji na unga. Kisha, tarehe 3 Juni, ibada imefanyika Namugongo mbele ya umati mkubwa, na wakuu wa serikali wamehutubu. Halafu kimya hadi mwaka ujao. Soma taarifa kumi za aina hiyo, utajua nani aliondoka na nani alifika. Hutajua watu hao walisalimianaje.

Msomaji atadhani nafanya mzaha. Wala. Katika uandishi wa hija, jinsi watu wasiojuana wanavyokutana njiani na kuwa wenzi ndiyo kadhia yenyewe. Mwandishi anayeiruka ameandika ratiba ya safari, na ratiba hata kampuni ya mabasi inaweza kukuandikia. Nasema hivi nikijua fika kwamba mkosaji wa kwanza ni mimi.

Kwa wasiolijua tukio lenyewe, Namugongo iko viungani mwa Kampala. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, waliteketezwa tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani yao. Makanisa huwatambua mashahidi 45 waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mnamo 1964. Watu huenda huko kwa miguu kutoka pembe zote za Uganda, na kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo.

Mwaka mmoja, nikiwa na miguu iliyokuwa bado inanitii, niliamua kutembea na mahujaji siku moja ili niandike. Nilijiunga na kundi la watu arubaini hivi kutoka Busia wakiwa tayari wamefika Njeru, ng'ambo ya pili ya mto Nile. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Tulikusudia kulala Lugazi, zaidi ya kilomita 30 mbele. Nilikuwa na daftari jipya na viatu vipya. Yeyote aliyewahi kutembea mbali atajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonitesa.

Kabla jua halijachomoza nilimwendea mama mmoja wa miaka sabini na ushei, kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi, kandambili miguuni. Nilimuuliza ametoka wapi. Alinitazama tu. Nikamuuliza ametembea siku ngapi. Kimya. Nikamuuliza ni nini kilichomsukuma kuanza safari kama ile katika umri wake. Hapo akasimama, na waliokuwa nyuma yetu wakasimama.

"Mwalimu, wewe ni polisi?"

Watu wakacheka. "Sijasikia ukisema hata mulembe," akaongeza.

Mulembe, kwa jamii za Waluhya, ni salamu na ni amani kwa wakati mmoja. Basi nikasalimia, nimechelewa kama mwanafunzi aliyefika baada ya kengele. Akaitikia, akanishika mkono, na hakuuachia kwa hatua kama mia hivi. Aliniuliza mimi ni wa wapi, watu wa nyumbani wako salama, nina watoto wangapi, mvua kwetu imenyesha, mama yangu yu hai. Maswali yote niliyokuwa nimeyapanga kumuuliza aliniuliza yeye, tena bila daftari. Jina lake la ubatizo sikuambiwa. Kundi zima lilimwita Kukhu, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye makala niliyoyaandika niliporejea. Yalitoka katika chapisho ambalo sina haja ya kulitaja, kwa sababu halikuwa na kosa. Yalikuwa na aya tatu kuhusu msitu wa Mabira, aya mbili za historia, na aya nzima ndefu kuhusu kanisa kuu la Namugongo, lile lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya jadi ya Waganda na kuegemezwa kwenye nguzo 22. Siku ile sikufika Namugongo. Kanisa nililielezea kutokana na vitabu na ziara nyingine niliyowahi kufanya kwa gari. Naye Kukhu alipata nusu sentensi: nilimwita "ajuza mmoja aliyekuwa akijikokota kwa nguvu za imani".

Wiki mbili baadaye simu ililia. Alikuwa kiongozi wa lile kundi. Alikuwa amewasomea watu makala yangu baada ya misa ya Jumapili, nao walifurahi kuona safari yao gazetini. "Lakini Profesa," akasema kwa adabu, "Kukhu anauliza huyo ajuza ni nani, maana yeye hakumwona njiani."

Nimefundisha uhakiki wa fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kusikia uhakiki mkali kuliko huo. Hebu tuuchambue.

Neno "ajuza" si tusi kamusini. Ni mwanamke mzee sana, basi. Lakini ni nani amewahi kumwita nyanya yake ajuza mbele ya uso wake? Neno hili linaishi katika insha za shule na katika taarifa za habari, pamoja na ndugu zake "kikongwe" na "ghulamu". Ni neno la mtu anayetazama kutoka mbali, asiyetarajia kwamba anayeandikwa atasoma. Na "kujikokota"? Huo ulikuwa uongo mtupu. Kutoka Njeru hadi Lugazi Kukhu alikuwa mbele yangu. Aliyekuwa akijikokota ni mimi. Nilimpa yeye kilema changu kwa sababu ufundi wa insha unadai mzee ajikokote.

Ufundi huo una asili yake. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni tulilelewa kwa kitabu cha John Bunyan cha 1678, ambacho kwa Kiswahili tunakijua kama Safari ya Msafiri. Wenzi wa njiani humo hawana nyumbani wala jamaa wa kuulizwa hali; wana sifa tu. Mmoja ni Uaminifu, mwingine Tumaini, na kadhalika. Ni kazi kubwa, nami siibezi, lakini imetuachia tabia mbaya: tukimwona mtu barabarani tunaharakisha kumgeuza kuwa sifa. Kukhu akawa Imani. Imani haina haja ya kusalimiwa.

Kuna msafiri mwingine ambaye angetufaa zaidi, na alipita karibu nasi sana. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na moja, akielekea Makka kuhiji. Miaka kadhaa baadaye, mnamo 1331, alifika Mombasa na Kilwa, na ndiyo sababu jina lake halikosi katika vitabu vyetu vya historia. Lakini mimi napenda kurudi kwenye miezi yake ya kwanza njiani. Alikuwa ameugua homa kali hata akalazimika kujifunga kwenye tandiko la mnyama wake asije akaanguka. Msafara ukafika Tunis. Wenyeji wakatoka kuwalaki wageni, huyu akimsalimia yule, yule akimuuliza huyu habari za njiani. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hakujulikana na yeyote. Upweke ukamshika, akalia. Mmoja wa mahujaji akaitambua sababu ya machozi yake, akamjongelea, akamsalimia, akaendelea kumliwaza kwa mazungumzo hadi wakaingia mjini.

Ni tukio dogo mno. Mtu huyo jina lake halikutajwa, wala hatumwoni tena. Lakini tukumbuke kwamba Ibn Battuta alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake baada ya takriban miaka thelathini, akiwa ameshaiona India, China na Mali, ameshakuwa kadhi, ameshakula na masultani. Salamu ile ya Tunis ilikuwa bado kichwani mwake.

Wahakiki wamethibitisha jambo linalonifurahisha na kuniumiza kwa pamoja. Sehemu kubwa ya maelezo yake ya Makka na Madina imechotwa katika kitabu cha Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12. Yaani kituo cha safari kimeelezwa kwa maneno ya kuazima, na machozi ya njiani kwa maneno yake mwenyewe. Nami, miaka zaidi ya 600 baadaye, nikaazima kanisa kuu kutoka vitabuni. Afadhali yeye; salamu hakuisahau.

Geoffrey Chaucer alikwenda mbali zaidi. Katika Hadithi za Canterbury, alizoanza kuziandika yapata 1387, anawakusanya mahujaji 29 katika nyumba ya wageni ya Southwark, karibu na London, naye mwenyewe akiwa nao, tayari kwenda kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa kanisani mwaka 1170. Mwenye nyumba anapendekeza kila mmoja asimulie hadithi mbili wakienda na mbili wakirudi. Hesabu ingekuwa zaidi ya mia. Tunazo 24, na baadhi zimekatika katikati. Na mahujaji wale hawafiki Canterbury! Chaucer aliaga dunia mwaka 1400 akiwa amewaacha njiani, na hakuna msomaji anayelalamika kwamba hakuonyeshwa kaburi. Tunachokumbuka ni msaga nafaka aliyelewa akidakia zamu ya wengine, na msimamizi wa shamba aliyekasirishwa na hadithi yake, akalipiza kwa hadithi nyingine.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ugomvi ule ni vichekesho vya kutuamsha darasani. Barabara ya Mabira ilinionyesha vingine. Kundi letu lilikutana na kundi la Bungoma, na papo hapo ukazuka mzozo kuhusu wimbo upi uimbwe. Wao walikuwa na kijana aliyebeba spika mgongoni. Sisi tulikuwa na mama watatu wenye sauti. Viongozi wakajadiliana huku tukitembea, kila upande ukiwa na hoja zake, moja ya kiteolojia na nyingine ya betri. Betri iliisha. Mama wakashinda, na yule kijana wa spika akawa ndiye anayeanzisha viitikio. Mchana wote alitembea nasi, kundi lake likiwa mbele. Hayo nayo sikuyaandika. Niliyaona kuwa upuuzi unaopunguza utukufu wa hija.

Hapo Mabira mvua ilitunyeshea. Tulijibanza Najjembe, soko la kando ya barabara ambako wachuuzi hukimbilia magari na kuku wa kuchoma waliochomekwa vijitini. Anayetembea kwa miguu si mteja wa haja, hawakutukimbilia. Lakini mama mmoja alitoka na ndizi za kuchoma, zile waitazo gonja, akatugawia, akasema "Gyebale ko". Waganda husema hivyo kumpongeza mtu anayefanya kazi. Sisi tungesema "pole na kazi" au "pole na safari", na kwa kweli sijaamua kama "pole" yetu inatosha, kwa sababu "pole" inakuonea huruma ilhali ile ya Kiganda inakushukuru. Mama yule alitushukuru kwa kutembea kana kwamba tulikuwa tukilima shamba lake.

Mzee mmoja wa Tororo ndiye aliyenifasiria. Alikuwa akitembea peke yake tangu asubuhi, mkongojo begani kama bunduki. Aliposikia Kiswahili akaja kwetu, akaanza kutusalimia mmoja mmoja. Alikijifunza Nairobi, katika karakana za reli, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Kiswahili chake kilikuwa bado na mabehewa na stesheni ndani yake. Nilimuuliza (baada ya salamu, nilikuwa nimeshajifunza) kama ni kweli Waganda wengi hukichukia kwa sababu kilikuwa lugha ya wanajeshi. Akasema wanajeshi walikisema, naam, lakini yeye alikijua kama lugha ya watu wanaongojea treni. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kila niisikiapo mijadala ya sera hiyo humkumbuka mzee wa Tororo na treni zake. Katika makala yangu hayumo kabisa.

Tuzungumzie sasa maneno yenyewe, maana nimewahi kuulizwa na wasomaji kama ni sawa kusema "hija ya Namugongo". Hija, kwa asili yake, ni ibada ya Waislamu yenye mahali pake na siku zake. Mtu huhiji Makka. Kulitumia neno hili kwa Wakristo ni kulipanua, na lugha hupanua maneno bila kutuomba ruhusa. Tena Namugongo si mahali pa Wakristo peke yao. Miaka kama kumi hivi kabla ya mashahidi wale, Waislamu waliokataa kumtii Kabaka Mutesa dhidi ya dini yao waliuawa huko huko, na Waislamu wa Uganda wanawakumbuka. Kwa hiyo neno si geni mahali pale.

Hata hivyo, ningeombwa kuchagua ningelichukua jingine: ziara. Waswahili wa pwani hulitumia neno hili kwa kwenda kuzuru kaburi la mtu mwema. Lamu, wakati wa Maulidi, watu hufanya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwanazuoni wa msikiti wa Riyadha. Na adabu ya kwanza ya anayezuru makaburi katika Uislamu ni kuwatolea salamu waliolala humo. Salamu imo ndani ya neno. Bahati mbaya neno limetekwa. Leo ukisema "ziara" msikilizaji hutafuta ving'ora na msafara wa magari ya waziri. Sitarajii tulikomboe karibuni.

Nikubali pia kwamba kasoro ninayoilalamikia haikuanza na magazeti. Mwaka 1885 askofu James Hannington alipita nchi ambayo sasa ni Kenya akielekea Buganda. Alifika kwa Sundu, ndiko Mumias ya leo, akauacha huko msafara wake mkubwa chini ya William Jones, mchungaji Mwafrika wa Rabai aliyewahi kuwa mtumwa, kisha akasonga mbele na watu 50. Busoga walikamatwa. Aliuawa mwishoni mwa Oktoba, na karibu watu wake wote wakauawa pamoja naye. Walionusurika walikuwa wanne. Hannington ana kanisa kuu lililojengwa kwa kumbukumbu yake, Mombasa. Wale wenzake wa njiani, watu wa pwani walio wengi, waliobeba mizigo na kuzungumza Kiswahili kambini kila jioni, wengi wetu tunawajua kama tarakimu. Anayetoka Busia kwenda Jinja kwa miguu anapita katika nchi walimofia. Sijasoma taarifa hata moja ya Mei iliyowataja.

Tulifika Lugazi jua likizama, mashamba ya miwa yakiwa meusi pande zote. Sikuweza kuvua viatu. Kukhu aliketi kwenye ngazi za shule tuliyopewa tulale, akanivua yeye, akachomoa pini kwenye kitambaa chake, akaipitisha kwenye moto wa mshumaa na kuanza kunitoboa malengelenge, moja baada ya jingine, akinikemea kila nilipojitikisa. Hapo ndipo, bila kuulizwa, aliponieleza kwa nini anatembea. Sitaliandika jambo hilo. Hakuniambia ili niliandike.

Wiki jana nilimpigia simu kiongozi wa kundi nikaomba kuzungumza na Kukhu. Tulisalimiana kwa dakika kama nne. Mvua imenyesha huko, ng'ombe amezaa, goti linamsumbua kidogo, mwaka huu alikwenda kwa basi. Kisha nikamwambia nataka kumwandika tena gazetini, na nikaomba radhi kwa lile neno. Akauliza kama safari hii nitaandika kwamba nilimhoji kabla ya kumsalimia.

Nikasema nitaandika.

"Na viatu?"

Na viatu pia, nikamwambia.